Kiti cha Hakimu wa Wana Radi

Baba alipofariki, ndugu zangu walichukua vitu ambavyo mtu angetarajia wachukue: baiskeli, koti la mvua, na redio iliyokuwa imenyamaza siku nyingi. Mimi niliomba kiti. Walinicheka, maana ni kiti cha mbao kisicho na mto, kimeinama upande mmoja, na pale pa kuegemea pamelainika kama sabuni iliyotumika. Lakini hawakunikatalia. Nilikipeleka kwangu, nikakipangusa vumbi, na nilipoinama kukitazama chini nikakutana na harufu ya spiriti. Baba alikuwa na kichupa cha spiriti na pamba, akivitunza kwenye kirafu alichokipigilia chini ya kiti, na kila Jumamosi kabla wageni hawajafika alisafisha navyo kile kichuma ndani ya redio kinachosoma kaseti. Miaka yote hiyo imepita na ubao bado unanukia Jumamosi. Niliketi sakafuni nikalia kidogo, kisha nikacheka, kwa sababu kiti hiki ndicho kilichonifanya niwe mtoto mwenye maringo kuliko wote katika mtaa wetu wa Tena, Nairobi.

Ninyi mliokulia Eastlands siku zile za kuzungusha kaseti kwa kalamu ili betri zisiishe, hamhitaji kuelezwa sana. Kila ploti, yaani kiwanja kimoja cha wapangaji, ilikuwa na ugonjwa wake. Kuna ploti za mpira, watu wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya bao moja. Kuna ploti za siasa, ambako mtu alianza kwa kunong'ona akamaliza kwa kupayuka. Ploti yetu iliugua Wana Radi.

Wana Radi ilikuwa bendi ya magitaa ya umeme iliyovuma Baba na wenzake walipokuwa vijana wenye nywele kubwa na suruali pana chini. Mimi nilizaliwa imeshavunjika. Ngoma zao zilikuwa nzito, magitaa yalilia kama chuma kinachokatwa, na waliimba kwa Kiswahili. Hapo ndipo balaa ilipoanzia, kwa sababu Kiswahili kila mtu anakijua, kwa hiyo maana ya wimbo kila mtu alikuwa na yake. Walitoa santuri tatu. Ya kwanza, Vumbi la Jumamosi, ilikuwa ya kucheza. Ya pili, Mlango wa Nyuma, ilikuwa ya kukaa chini na kufikiri. Ya tatu iliitwa Ufunguo, na hiyo watu wetu waliijua kwa kusimuliwa tu, maana ilitoka bendi ikiwa mbioni kuvunjika na zilizouzwa zilikuwa chache.

Tulikaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mwenye ploti. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha misumari Industrial Area, kwenye mashine za kukata nyaya. Mlango wa pili alikaa Baba Mwikali, Mkamba mchongaji wa twiga na vifaru, mtu mwenye masharubu mazito yaliyofunika mdomo wa juu wote, akinywa uji unabaki humo. Mwikali, binti yake, alikuwa rafiki yangu. Mlango wa tatu alikaa Wanyonyi, dereva wa lori la unga, wa kwetu upande wa Bungoma. Hao watatu, pamoja na yeyote aliyepita akavutwa na kelele, ndio waliokuwa baraza la Wana Radi, na Baba alikuwa hakimu wao.

Nasema hakimu, na sitanii. Jumamosi baada ya chakula cha mchana redio iliwekwa juu ya stuli ndogo kando ya mlango. Baba aliketi kwenye kiti hiki mlangoni kabisa, mgongo wake ukiangalia nje na uso wake ukiangalia ndani. Aliweka kiganja juu ya redio, jinsi mchungaji anavyomwekea mtu mkono kichwani, na wimbo ukapigwa mzima bila mtu kukohoa. Ukiisha, aliyekuwa na maana ya kuleta aliketi kwenye kigoda mbele ya Baba, mwanga wa mlangoni ukimpiga usoni, akasema polepole. Mmoja tu. Hakuna kudakia, hakuna kusema ukiwa umesimama nyuma, hakuna kujiziba mdomo kwa mkono. Mama alipoleta mahindi ya kuchemsha alikuwa mkali zaidi ya askari wa mahakama.

"Meza kwanza," alimwambia Wanyonyi. "Hapa hatusemi na mdomo umejaa."

"Mama Nafula, hata kwangu sijakatazwa hivyo."

"Basi nenda ukahutubie kwako."

Wote wakishasema, walimgeukia Baba wakingoja. Yeye alikuna kidevu, kisha akatoa hukumu. Akisema wimbo ni wa msiba, ukawa wa msiba. Wanyonyi alishindwa karibu kila wiki, kwani kwake kila wimbo wa Wana Radi ulihusu udereva, hata ule wa mtoto anayenyonya. Baba Mwikali naye aliona mwanamke aliyetoroka katika kila ubeti. Walibishana kuhusu santuri ya kwanza na ya pili mpaka mate yakawakauka, mpenzi wa ya kwanza akimwita mwenzake mzee, mpenzi wa ya pili akimwita mwenzake mlevi wa ngoma, lakini hakuna aliyembishia Baba akishasema.

Mimi nilikuwa natazama haya yote nikivimba kichwa. Watoto wengine walikuwa na baba makarani, baba madereva, baba wachongaji. Mimi nilikuwa na baba ambaye wanaume wazima walikaa mbele yake kama washtakiwa. Hata adabu ya nyumbani kwetu niliiona ni adabu ya nyumba ya mkubwa. Kwetu hukumwita Baba kutoka chumba kingine. Ulikwenda mpaka mbele yake, ukamgusa bega ikiwa amegeuka, ukangoja akutazame, ndipo ukasema. Nilipoenda kwa kina Mwikali nikamsikia akipiga kelele "Baba, chai" kutoka jikoni, nilimhurumia kwa kukosa malezi.

Sasa siku moja akaja Kyalo.

Kyalo alikuwa mpwa wa Baba Mwikali, kijana aliyetoka Machakos akapanga chumba mtaa wa Kware, akawa anapata vibarua Industrial Area. Alikuwa na kofia aliyoivaa kinyumenyume na maneno mengi. Alikuja Jumamosi moja Baba akiwa ametoka kwenda dukani kununua betri, akasimama katikati ya nyumba, akatoa kaseti mfukoni akaiinua juu.

"Niaje wazee. Mnaijua hii?"

Wanyonyi alisoma karatasi yake akakaa chini polepole. Ilikuwa ni Ufunguo, imenakiliwa kutoka santuri ya mtu fulani, majina ya nyimbo yameandikwa kwa mkono.

"Umeipata wapi, kijana?"

"Nina wasee wangu, majamaa wa Kware. Wekeni betri tuskie ngoma." Na akiwa anasema hivyo akakiona kiti cha mlangoni, penye upepo mzuri, akakikalia.

Baba Mwikali akamwambia, "Kyalo, hapo pana mwenyewe."

"Mjomba, si ndiyo mnasema mwenye kaseti ndiye mkubwa? Leo mi ndio hakimu."

Baba aliingia na betri zake. Aliona kiti chake kimekaliwa. Alimpa Wanyonyi betri, akapita mpaka kitandani kwenye kona yenye giza, akakaa huko mikono ikiwa juu ya magoti. Nilingoja amfukuze yule kijana. Nilimtazama kwa macho yangu yote nikimwomba amfukuze. Lakini Baba alitabasamu tu, tabasamu la mgeni.

Wimbo ukapigwa. Ulikuwa mtamu, hilo nalikumbuka, ila kwa hasira niliyokuwa nayo sikuusikiliza. Ulipoisha, Kyalo alizungumza huku ameupa mwanga mgongo, uso wake wote kivuli. "Haya, mzee wa hapa. Nasikia wewe ndio unajuanga hizi nyimbo. Huu unasema nini?"

Baba alimtazama Baba Mwikali. Baba Mwikali akalirudia swali, masharubu yakipanda na kushuka. Baba aliinama mbele, akakunja uso, akamkazia macho, kisha akajibu kwa sauti yake ile ya hukumu:

"Ni wa harusi. Ukisikia mlango wa nyuma, jua bibi harusi anapitishwa huko."

Huo aliousema ulikuwa wimbo wa santuri ya pili. Wiki iliyotangulia walikuwa wameumaliza. Kyalo akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Mzee amelala, wallahi." Wengine hawakucheka. Mama alikuwa amesimama na sahani mkononi, akaiweka chini. Baba alitazama uso huu na ule, akatambua kwamba amekosea bila kujua alipokosea, akainuka, akatoka nje. Alipita kando yangu. Mpaka leo nikiukumbuka uso wake wakati ule moyo unaniuma.

Baba Mwikali alimshika mpwa wake mkono wakaenda nyuma ya choo. Nilifuata kwa mbali, sikusikia walichosema. Nilichokiona ni Kyalo akivua kofia na kuishika kifuani kama mtu aliyeingia kanisani.

Wiki ile nzima sikulala vizuri. Niliogopa Jumamosi ingefika na kiti kiwe cha Kyalo, na mimi niwe mtoto wa mtu wa kawaida. Baba mwenyewe aliniogopesha zaidi. Alimwambia Mama, nami nikiwa mezani, "Labda niwaachie. Wacheze bila mimi." Mama akamgeuzia uso akamjibu polepole, "Ukiwaachia hiyo, Baba Nafula, kesho utaacha na nini?"

Jumamosi ikafika. Baba Mwikali aliingia wa kwanza, na mimi nikaangusha kikombe. Masharubu yalikuwa yamekwenda. Mdomo wake wa juu ulikuwa mweupe kidogo na mtupu, kama ukuta uliobanduliwa picha, na alionekana kama mdogo wake mwenyewe. Mwikali aliniambia kwamba mama yake naye alipiga kelele alipomwona akitoka kwa kinyozi. Nyuma yake akaja Kyalo, bila kofia. Alikwenda mpaka mbele ya Baba, akangoja atazamwe, akasema neno moja moja, "Mzee, nimeleta kaseti yako."

Baba akaketi kwenye kiti chake mlangoni. Akaweka kiganja juu ya redio.

Maneno ya wimbo wenyewe wa Ufunguo nayajua kwa moyo mpaka leo. Mwimbaji anasema ufunguo uko chini ya jiwe, na jiwe unalijua wewe. Anarudia hivyo ubeti baada ya ubeti, gitaa likipanda. Mwishoni kabisa anasema, "Mlango haujafungwa," na wimbo umekwisha. Sasa kama mlango haujafungwa, ufunguo wa nini? Hilo ndilo lililowatia wazimu. Kila mmoja aliyeketi kwenye kigoda alimtajia Baba kwanza maneno ya wimbo, ubeti kwa ubeti, kabla ya kusema maana yake. Nilidhani ni sheria mpya waliyotunga kwa heshima ya albamu mpya.

Wanyonyi alisema ni dereva wa masafa marefu. Hakuna aliyeshangaa. Baba Mwikali, kwa ule mdomo wake mpya, alisema ni mke aliyetoroka na mume anajidanganya. Kyalo alikaa kwenye kigoda kwa wasiwasi akasema, "Mi naona ni mtu amekufa. Anamwimbia marehemu. Ufunguo ni kaburi." Hiyo ilikuwa maana nzuri, na hata Wanyonyi aliitikia kwa kichwa. Nilimchukia Kyalo zaidi.

Baba aliomba wimbo upigwe tena. Akafumba macho, kiganja kikiwa palepale. Karibu na mwisho alikiinua kidole kimoja, akakishusha. Kisha akasema:

"Kabla ya lile neno la mwisho, ngoma inasimama. Gitaa nalo linasimama. Mmeona?"

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa ameona. Wanyonyi akarudisha kaseti kwa kalamu, wakasikiliza, na ni kweli, palikuwa na kimya kifupi hapo, mtu angedhani ni kaseti imekwama.

"Mtu anayemwimbia maiti hasimamishi ngoma," Baba akasema. "Huyu amesimamisha kila kitu asikilize kama kuna hatua nje. Anayemngoja yuko hai. Na ufunguo si wa kufungulia, maana mlango uko wazi. Amemwachia ajue kwamba nyumba bado ni yake. Akichelewa, akirudi amebadilika, akirudi hafai kitu, bado ni yake."

Baba Mwikali alitazama chini. Kyalo alifuta uso kwa kiganja. Mimi nilidhani wanaona haya kwa kushindwa, na nilifurahi isivyo kifani.

Jumatatu shuleni niliitangaza habari hiyo kwa darasa zima. Niliwaambia baba yangu ni hakimu, tena hakimu ambaye ukimkosea heshima hata mjomba wako ananyolewa masharubu. Ndivyo nilivyoielewa: Baba Mwikali alikuwa amelipa faini ya mpwa wake kwa nywele za usoni. Kuna mvulana alibisha, nikamleta mpaka getini ajionee ule mdomo. Alirudi kwao kimya. Muhula mzima hakuna aliyenichokoza.

Ukweli nilielezwa na Mama nikiwa mtu mzima, Baba akiwa ameshastaafu na hakuna tena wa kumfuta kazi. Zile mashine za misumari zilikuwa zimemla masikio. Zilianza kidogo kidogo kabla sijaanza shule, na wakati wa Ufunguo alikuwa hasikii mazungumzo hata kidogo. Alikuwa anasoma midomo. Kiwandani wasingemweka mtu asiyesikia kengele ya hatari, na sisi watoto tulikuwa na midomo isiyo na mlango, kwa hiyo hatukuambiwa. Nyumbani Mama akaligeuza kuwa adabu. Majirani nao wakaligeuza kuwa mahakama. Nyimbo za santuri mbili za kwanza Baba alizijua tangu ujana, alizisikia kichwani mwake kiganja kikimwonyesha zimefika wapi. Ya tatu hakuwahi kuisikia kabisa. Aliitolea hukumu kwa maneno yaliyoketi mbele yake kwenye mwanga na kwa mtetemo wa redio mkononi. Ndiyo maana yeye peke yake alijua pale iliponyamaza.

Mnadhani nilivunjika moyo? Nilisimama jikoni kwa Mama nikahisi nimerefuka. Kumbe sifa zangu zote za shuleni zilikuwa ndogo mno. Baba wa wenzangu walikuwa wanasikiliza muziki kwa masikio, kama kila mtu.

Kyalo sasa ana familia kubwa huko Machakos, na alilia kwenye mazishi kuliko sisi. Wanyonyi alitangulia kabla ya Baba. Aliyebaki karibu ni Baba Mwikali, mzee sana sasa, na miezi michache baada ya mazishi alikuja kunitembelea. Nilimkaribisha kwenye kiti cha Baba. Akakigusa pale palipolainika, akakataa, akavuta kigoda akakaa akiuelekea mwanga wa mlango, kwa mazoea. Ndipo nilipomtazama vizuri. Juu ya mdomo wake palikuwa na masharubu, meupe, mazito, yameufunika mdomo wote.

"Baba Mwikali," nikamwambia, "umefuga tena."

Aliyapapasa kama mtu anayekagua kitu cha kuazimwa.

"Kunyoa ni kazi, mwanangu," akasema. "Kila asubuhi tangu siku ile ya Kyalo. Hata nikiwa mgonjwa, Mama Mwikali alininyoa." Akakitazama kiti kitupu. "Sasa ninyoe nionwe na nani?"